Isale la Mara Mbili

"Yuko mafunzoni," alisema Salehe, mlinzi wa ofisi ya ustawi wa jamii, macho yake yakiwa bado kwenye simu.

"Na juzi ulisema yuko mafunzoni."

"Yale ya juzi yalikuwa ya haki za mtoto. Haya ni ya tiba ya familia. Hayafanani, dada yangu."

"Wakishajifunza haki za mtoto, huyo mtoto wanamwona lini?"

Salehe akainua uso. Alikuwa amezoea watu wanaolia mbele ya mlango ule, na kwa wanaolia alikuwa na benchi na maneno ya pole. Kwa huyu hakuwa na kitu. Dominika hakulia. Alisimama wima, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, ule uliovunjika ukaunga upande, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake njiani na mwenyewe hatokei.

Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mzee aliyefukuzwa nyumbani na wanawe. Kulikuwa na binti mjamzito na mama yake, wamekaa bega kwa bega na hawasemezani. Wote walikuwa wameambiwa neno lile lile, nao walilipokea kama watu wa mjini Moshi wanavyopokea mawingu yanayoficha mlima: upo, ila leo hauonekani. Ofisi ilikuwa imefungwa ili wenye ofisi wakajifunze namna ya kuifungua.

Dominika hakuwa na subira ya mawingu. Jumatatu shauri lake lilikuwa linaitwa Mahakama ya Watoto. Binti yake Rachel, wa darasa la pili, alikuwa Kilema kwa bibi yake mzaa baba, na hakimu alikuwa ameagiza afisa ustawi afike pande zote mbili, aone kila nyumba, kisha aiandikie mahakama mtoto akae wapi. Bila taarifa hiyo shauri lingeahirishwa tena. Lilishaahirishwa hadi Rachel akaanza kusahau. Mara ya mwisho Dominika alipopanda Kilema, mama mkwe alimzuia nje ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, kwenye ua wa masale, na mtoto akamwangalia kupitia majani yale marefu ya kijani kama anayemtazama mgeni wa jirani.

"Mama, umekuja kununua ndizi?" Rachel aliuliza.

Neno hilo lilikuwa bado limemkwama Dominika kooni kama mwiba wa samaki.

Gari jeupe likaingia uani. Akashuka Evaline, afisa mwenyewe, kadi ya mafunzo ikining'inia kifuani, akikimbilia mlango.

"Salehe, chaja ya kompyuta yangu!"

"Shikamoo, dada Evaline," alisema Dominika, akasimama katikati ya njia.

"Marahaba, mdogo wangu. Sina hata dakika, wananisubiri."

"Jumatatu ndiyo kesi."

"Najua."

"Kilema umefika?"

"Bado. Gari la ofisi halina mafuta."

Dominika akalitazama gari lililomleta. Lilikuwa linanguruma.

"Hilo ni la mafunzo," Evaline akasema upesi, na aibu ikampita usoni, ikaondoka. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Old Moshi, na miaka ya mwanzo ya kazi alipanda vilima kwa miguu na viatu mkononi. Watu walikuwa bado wanamkumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameanza kujisahau. "Nisikilize. Leseni yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Siku hizi leseni inachacha kama maziwa, usipopata alama za mafunzo huihuishi, na usipoihuisha huna haki ya kusaini taarifa ya mahakama. Hata yako. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Unajifunza kutusaidia hadi umekosa nafasi ya kutusaidia."

Salehe akacheka, akajifanya anakohoa.

"Usinitukane, Dominika. Nina njia." Evaline akasogea karibu, sauti ikashuka. "Ijumaa ni siku ya vitendo. Mkufunzi ametoka Dar, anataka familia ya kweli ya kufundishia. Hataki waigizaji. Njoo wewe. Unaeleza yaliyokukuta, tunauliza maswali, nami jioni naandika taarifa yako. Nitakuwa nimeshakusikiliza vya kutosha."

"Na nisipokuja?"

Evaline alichukua chaja, akaukunja waya wake taratibu mno, kama mtu anayefunga kidonda cha mwingine.

"Nitaandika nikipata nafasi," alisema.

*

"Nenda," alisema Leonia, dada mkubwa wa Dominika, akimenya ndizi za mtori jikoni kwake Majengo. Alikuwa amejipaka mafuta mikononi utomvu usishike. "Usipokwenda wataandika umekataa ushirikiano. Wale wana neno kwa kila kitu."

"Nikae katikati ya watu kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe wa mnadani hapewi soda. Wewe utapewa."

Wakacheka, kicheko kisichofika mbali. Dominika alikuwa anauza mitumba soko la Memorial, na tangu aondoke kwa mume alikuwa analala chumba kimoja na watoto wa dada yake. Shemeji hakuwahi kusema neno baya. Alianza tu kuuliza, kila jioni, kama maji ya bomba yametoka, kwa sauti ya mtu anayehesabu vinywa.

"Kosa lako ulilifanya hospitali," Leonia akasema. "Daktari alikuuliza kwa mdomo wake, nani amekuvunja. Ukasema umeteleza kihambani."

"Mama mkwe alikuwa kitandani kwangu na chupa ya uji."

"Uji!"

"Dada, Rachel alikuwa amebaki nyumbani na baba yake. Ungesema nini wewe?"

Leonia akaacha kisu. Cheti cha hospitali kilisema ameteleza. Na Kalisti, mume, dalali wa mizigo pale Himo, mtu wa tai siku ya Jumapili na bahasha ya zaka, alikuwa amesimama mahakamani, akaishika Biblia, akaapa kwamba hajawahi kumgusa mke wake hata kwa ukucha. Mwanamke aliteleza, kisha akaondoka kwa kiburi chake, akamtelekeza mtoto. Aliapa vizuri. Mkono haukumtetemeka.

"Nitakwenda," alisema Dominika. "Lakini wakiniuliza ya chumbani nitawauliza na wao ya kwao."

*

Ukumbi ulikuwa wa hoteli upande wa Shanty Town, kule ambako miti ni mikubwa na kelele ni ndogo. Viti vilipangwa duara. Washiriki walikuwa kama arobaini, kila mmoja na kadi yake na chupa yake ya maji, maafisa ustawi na washauri wa familia kutoka wilaya zote, na mezani nyuma sambusa zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa zisipigwe na inzi. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: SHERIA ZA UKUMBI. Usiri. Heshima. Simu zizimwe.

Dominika aliisoma yote. Akaamini, maana na yeye ni mtu.

Mkufunzi aliitwa Dokta Rodney. Alikuwa kijana bado, viatu bila soksi, sauti laini kama ya mtangazaji wa redio ya usiku. Alimwonyesha Dominika kiti katikati ya duara. Kando yake kulikuwa na kiti kingine, kitupu.

"Hicho cha nani?" Dominika akamuuliza Evaline.

Evaline akaangalia kadi yake mwenyewe kifuani. "Dokta aliomba namba ya simu. Mimi nilimpa namba tu. Sikujua kama..."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Kalisti, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na nyuma yake Ndelilio, baba yake mdogo, mzee wa ukoo, kofia mkononi. Kalisti akatabasamu kwa duara zima kama mgombea. Mwili wa Dominika ukajikunja kabla akili yake haijaamua. Mkono wa kushoto ukajificha wenyewe chini ya khanga.

"Wapendwa, hii tutaiita Familia A," alisema Dokta Rodney. "Hakuna jina. Tunalinda utu wao."

"Mama wa mitumba wa Memorial huyo," sauti ya kike ikanong'ona upande wa dirishani. "Mimi huwa nanunua kwake."

Wakaanza kumjifunza. Hakuna neno jingine. Mwenye miwani akauliza kama alilelewa na baba mkali. Mwingine akauliza kama aliwahi kufikiria mchango wake katika ugomvi. Mwanamke wa dirishani, yule anayenunua kwake, akauliza kama mume akirudi kazini alikuwa anampokea vizuri, "na hata usiku, mama, tuwe wawazi." Kalamu zilikuwa zinakimbia juu ya karatasi.

"Wewe wako unampokeaje?" Dominika akauliza.

Ukumbi ukaangua kicheko. Dokta Rodney akainua kidole. "Hiyo mnaiona? Hiyo tunaiita kujihami. Andikeni."

Wakaandika.

Kalisti alipopewa nafasi, aliongea kama asali inavyomiminika: pole pole, na inang'aa. Anampenda mkewe. Hasira ni za binadamu. Nyumba yoyote ina moshi. Hajui kwa nini mwenzake aliondoka, ila moyo wake uko wazi. "Na kwa heshima ya ukumbi huu, nimekuja na mzee."

Ndelilio akasimama. Akatoa ndani ya koti jani la isale, refu, bichi, limefungwa fundo katikati.

Dominika akashika kiti kwa mkono mzima.

Ambaye hakuzaliwa kwenye miteremko ile ataona jani tu. Lakini isale ndilo linalowekwa mpakani ili ndugu wasichinjane kwa ajili ya shamba, ndilo linaloota juu ya makaburi ya wazee, na mtu aliyekosa akitaka msamaha wa kweli hulifunga fundo, akampa mzee alipeleke. Ukiletewa isale hukatai. Ukikataa, balaa linalofuata ni lako na la wanao. Watu wamesameheana damu kwa jani lile. Dominika alilijua kabla hajajua kusoma. Aliona mtego ulivyo mzuri: akilipokea amekwisha, akilikataa amekwisha, na maafisa arobaini ni mashahidi.

"Mama Rachel," alisema Ndelilio kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilikuwa ya kweli. "Mwanangu amekosa. Ameniomba nikuletee hili."

Mkono mzima wa Dominika ukanyanyuka. Ulikuwa umelikaribia jani kabisa.

"Subirini, subirini!" Dokta Rodney alikuwa amesimama, anapapasa mfukoni. "Hii ni hazina! Tiba ya asili ndani ya tiba ya kisasa, jamani! Mzee, samahani, simu yangu haikunasa. Naomba urudie. Toka pale mlangoni, tembea taratibu. Na baba Rachel, piga magoti kidogo, itapendeza."

Mzee akamtazama Kalisti. Kalisti akamtazama mzee kwa jicho la mtu aliyelipia safari ya watu wawili.

"Rudia tu, mbe," alisema Kalisti, akimwita kama Wachagga wanavyomwita mwanamume. "Ni dakika moja."

Ndelilio akageuka. Akatembea hadi mlangoni, kofia kwapani, isale mkononi, akasimama pale akisubiri kuambiwa aanze.

"Haya, mzee, njoo!"

Akaja. Maneno yale yale, lakini sasa yalikuwa makapi. "Mama Rachel. Mwanangu amekosa. Ameniomba nikuletee hili." Kalisti alipiga magoti, akajitahidi asicheke, akashindwa kidogo. Simu ikazunguka, ikamchukua mzee, ikamchukua Kalisti, ikamsogelea Dominika usoni hadi akajiona humo, mdogo, kama mdudu kwenye kioo.

Ndipo hofu ikamtoka. Iliondoka yote, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka, na nafasi yake ikaingia hasira, hasira safi, tulivu, yenye macho. Wakubwa hawa! Wana leseni ya machozi. Wana cheti cha huzuni. Wamekata kiu kwa kisima cha mtu, wakamwacha mwenye kisima na ndoo tupu, kisha wakampiga picha. Na ndani ya hasira ile Dominika akalisikia neno alilokuwa amelisikia mara mbili na asilisikie.

Amekosa.

Akapokea isale kwa mikono yote miwili, mzima na mbovu.

"Nimepokea," alisema.

Makofi yakalipuka. Mwanamke wa dirishani alifuta machozi. Dokta Rodney akatangaza mapumziko ya chai. Dominika akatafuta uso mmoja katika duara, akaupata: Evaline alikuwa anapiga makofi pamoja na wenzake, viganja juu, ili aonekane.

Walipewa bahasha ya nauli mlangoni. Dominika aliichukua, akaisainia. Hakuwa mjinga.

"Taarifa naandika leo hii hii," Evaline alimwambia, akimshika bega.

"Utaandika nini, dada?"

"Nilichokiona."

*

"Umepokea!" Leonia alipaza sauti alipoliona jani ndani ya kikombe cha maji. "Basi umerudi kwa mume. Isale limekwisha kusema."

"Isale limesema nimsamehe. Kurudi halikusema."

"Wewe, usicheze na mambo hayo."

"Mimi sijacheza. Waliocheza wako Shanty Town."

Jumapili yote alilibadilishia maji. Lisikauke. Lisijikunje. Lifike bichi.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, maana mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Hakimu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye mafua na haraka. Kalisti alikaa na Ndelilio. Rachel alikuwa nje kwenye benchi na bibi yake, kavaa soksi nyeupe, ameambiwa asimwangalie mtu.

Evaline akasimama kusoma. Karatasi zilikuwa safi, zimebanwa vizuri. Alisoma kwamba familia husika ilipitishwa katika kikao cha kitaalamu cha tiba ya familia. Kwamba wanandoa walionyesha utayari. Kwamba mume aliomba radhi kwa njia ya kiutamaduni na mke akairidhia mbele ya wataalamu. Kwamba familia imepatanishwa kwa mafanikio. "Napendekeza mama arejee nyumbani kwa mumewe Kilema, ambako mtoto tayari yupo na anapata malezi."

Kalisti akaegemea kiti chake kama aliyemaliza kula.

"Mama, umesikia," alisema hakimu. "Una la kusema?"

Dominika akafungua khanga. Akatoa isale. Akasogea, akaliweka juu ya meza, bichi, na fundo lake.

"Hili ni nini?"

"Mheshimiwa, mimi nikieleza utasema najisemea. Muulize huyo mzee. Ndiye aliyelileta."

Ndelilio aliinuka kama anayeinuka na gunia. Akapewa Biblia, akaapa. Hakuliangalia jani.

"Mzee, hili ni nini?"

"Ni isale, Mheshimiwa. Kwetu ni la kuomba msamaha."

"Nani huomba nalo?"

"Aliyekosa."

"Mtu ambaye hajakosa anaweza kulipeleka? Kwa upole tu, kwa mfano, kumaliza maneno?"

"Hapana, Mheshimiwa. Asiyekosa akilipeleka anajilaani. Hakuna anayefanya hivyo. Hata kichaa."

"Na wewe ulipewa na nani?"

Mzee akageuka akamtazama mtoto wa kaka yake. Pengine aliona tena ule mlango wa hoteli, na yeye amesimama pale na kofia kwapani, anasubiri kuambiwa aanze. Wazee husamehe kupigwa, husamehe kuibiwa. Kufanywa kinyago hawasamehe.

"Na Kalisti. Nilipeleka mara mbili. Ya kwanza na ya simu."

Hakimu akapekua jalada, akapiga chafya, akaweka kidole kwenye mstari. "Kalisti, simama. Hapa uliapa kwamba hujawahi kumgusa mkeo. Isale hili ni lako au si lako?"

Wote walikuwa wanamtazama. Angesema si lake, angekuwa amelikana isale mbele ya mzee wa ukoo, na habari ingefika Kilema kabla yake. Hakuna mtu ambaye angekunywa naye mbege, hakuna ambaye angemzika. Biblia aliishika bila kutetemeka. Mbele ya jani, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nilitaka tu amani ya nyumba, Mheshimiwa..."

"Sikukuuliza amani. Lako, si lako?"

"Jibu, mbe," alisema Ndelilio, bila kumwangalia.

"Langu."

"Ulikosa nini?"

Nje mtoto alikohoa. Dominika alikijua kikohozi hicho.

"Nilimpiga."

"Ukamfanya nini?"

"Mkono. Nilimvunja mkono." Akaongeza haraka, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari, "Lakini amenisamehe! Alipokea! Wataalamu arobaini waliona, video ipo!"

"Ni kweli, mama? Umemsamehe?"

"Nimemsamehe, Mheshimiwa. Kwetu isale halikataliwi." Dominika aliuinua mkono wa kushoto, uliopinda, akauweka mezani kando ya jani, kwa mara ya kwanza bila kuuficha. "Msamaha nimempa. Mkono wa pili simpi. Na mtoto wangu sikumfunga kwenye fundo hilo."

Hakimu akamgeukia Evaline, na mafua yakawa kama yamemwisha.

"Afisa, Kilema ulifika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilikuwa..."

"Mtoto umemwona?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Majengo anakoishi mama?"

Evaline alitikisa kichwa.

"Sasa hii umemwandikia nani?" Akaisukuma ile taarifa hadi ukingoni mwa meza. "Mtoto atakaa na mama mpaka nitakapoamuru vinginevyo. Ya kiapo cha uongo na ya mkono yatapelekwa kwa wanaohusika. Nawe utafika nyumba zote mbili kwa miguu yako. Unaleta taarifa ya watu, siyo ya mafunzo."

*

Nje jua lilikuwa kali, na kilele cha Kibo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameushika mkono wa Rachel kama mtu anayeshikilia pochi stendi. Ndelilio akamwendea, akamwambia maneno machache ya Kichagga. Kikongwe akaachia.

Rachel hakukimbia. Alikuja hatua ndogo ndogo, akasimama mbele ya Dominika, akamkagua.

"Mama, leo hukuja kununua ndizi?"

"Leo nimekuja kukuchukua wewe."

"Mkono wako unauma?"

"Siku za baridi."

Mtoto akafikiri, kisha akazunguka akaenda kushika ule mkono mbovu, kwa vidole viwili, taratibu, kama anayeshika yai.

Walikuwa wamefika getini waliposikia viatu nyuma yao. Evaline alikuwa anakuja mbiombio, kadi ya mafunzo bado shingoni. Alikuwa amesahau kuivua, au ilikuwa imekwisha kuwa ngozi yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dominika. Mdogo wangu. Samahani. Kusema kweli, samahani sana. Nilibanwa, unajua nilivyobanwa..."

Dominika akasimama. Alimtazama mwanamke huyu aliyewahi kupanda vilima na viatu mkononi, na moyo wake ukataka kulegea, maana hakuwa jiwe. Akaukataza.

"Dada Evaline, wewe ni mtu wa Old Moshi."

"Ndiyo."

"Samahani kwetu unajua inavyoletwa. Majengo, nyumba ya Leonia, nyuma ya mashine ya kusaga. Jani linaota hata kwenye ua wa ofisi yenu, Salehe analimwagilia." Akaupandisha mkoba begani, akamsogeza Rachel mbele. "Ukija, uje na kosa lako mdomoni, ulitaje. Na simu uiache kwa mlinzi."